Ngome ya adui angani: siri inavujia wapi, na izibwe vipi

Mimi ni fundi wa friji na AC hapa Malindi. Mchana utanikuta jikoni kwa mtu, nimelala kifudifudi nyuma ya friza. Usiku nasoma bunilizi za kisayansi, na kwa kuwa vijana wa mtaani wamelijua hilo, huniletea rasimu zao nizipitie. Wengine wameandika kwenye daftari la shule, wengine kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Karibu kila rasimu ina adui mwenye ngome ya siri angani, na karibu kila ngome ina hitilafu zilezile. Nimechoka kuzieleza upya kila jioni, kwa hiyo nimeziandika kama ningemwandikia mwanagenzi wangu: dalili, kisha sababu kuanzia ninayoikuta kila siku hadi ile ya nadra, kisha tiba, na mahali pa kuweka bisibisi chini.

Anza na kilicho rahisi. Fundi anayefungua kompresa kabla ya kuangalia soketi ama hajui kazi ama ana kodi ya nyumba inamsubiri.

Dalili: "Lakini mbona hawaioni?"

Hii inaongoza kwa mbali. Adui ana watu mia mbili, mitambo, taa za rangi, gereza la kumfungia steringi, na kwa miaka kumi hakuna darubini iliyomwona.

Sababu ya kawaida kabisa ni kwamba mwandishi anadhani anga za juu ni friji. Amesikia huko kuna baridi ya digrii -270, akahitimisha kwamba chochote ukikiweka huko kitapoa chenyewe. Anga za juu si friji, ni chupa ya chai. Kinachoifanya chai ya alfajiri iwe bado inaunguza saa nne ni ule uwazi kati ya kuta mbili za chupa, ambamo hewa imenyonywa ikatolewa, joto likakosa wa kulibeba. Ngome ya adui imekaa ndani ya uwazi wa namna hiyo. Hakuna upepo wa kusi wa kuipuliza. Joto lina mlango mmoja tu wa kutokea: ling'ae kama miale ya infraredi, ambayo jicho halioni lakini vyombo vinaiona vizuri sana.

Watu hudhani friji inatengeneza baridi. Haitengenezi. Inabeba joto la ndani na kulimwaga nje, kwenye yale mabomba membamba meusi ya mgongoni. Juzi niliitwa Maweni, samaki wanaharibika ndani ya friji inayonguruma kutwa. Niliivuta kutoka ukutani. Nyuma palijaa maboksi ya sabuni, vumbi limeshikana kwenye mabomba kama blanketi, na juu ya kompresa amelala paka na watoto wake wanne. Mwenye nyumba alikuwa amemtafuta paka yule siku tatu. Alitafuta kabatini, akatafuta juu ya dari, asifikirie kutafuta mahali joto linapotupwa.

Basi ukaguzi wa kwanza ni huo: vuta ngome yako kutoka ukutani, uangalie nyuma. Hesabu vichwa. Mtu aliyekaa tu bila kazi hutoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo watu mia mbili ni kilowati 20 kabla hujawasha taa. Ongeza mitambo. Kile Kituo cha Kimataifa cha Anga, chenye watu saba kwa kawaida, kina paneli za jua zinazotoa kilowati 84 hadi 120, na umeme wote unaotumika ndani hugeuka joto mwishowe. Ndiyo maana kina mapazia makubwa ya chuma yanayozungushiwa amonia kulitoa joto hilo nje. Ngome ya watu mia mbili ikitumia megawati moja tu, adui ni bahili. Na kuitupa megawati moja kwa joto la kawaida la chumba, digrii 27 hivi, kunahitaji ukuta wa kung'aa wa mita za mraba 2,200. Huo ni mwenge, umewashwa mbele ya pazia jeusi.

Sababu ya pili: rangi nyeusi. Kijana mmoja alinijibu, "Ami, ngome yake imepakwa rangi nyeusi ti, hata nyota hazimulikii." Vizuri, umeificha kwa macho ya mvuvi. Lakini kuna darubini iliyoitwa WISE, iliyorushwa Desemba 2009, kioo chake cha sentimita 40 tu, upana wa sinia la pilau. Ilifanya kazi mpaka 2024, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kutafuta asteroidi, zikiwemo zile nyeusi kama makaa, kwa joto lake. Jiwe jeusi linanyonya jua, linapata joto, linang'aa kwa infraredi. Rangi nyeusi inakuhamisha kutoka jicho moja hadi jingine.

Sababu ya tatu ni kutegemea umbali. Hii ina ukweli wake, maana anga ni kubwa na darubini hazitazami kila pembe kila saa. Lakini umbali unakupa muda, haukupi siri. Ya nne, ambayo siku hizi nashukuru ni ya nadra, ni lile pazia la kimiujiza linalozima kila kitu.

Sasa tiba. Ziko kadhaa, na kila moja ina bei yake.

Tiba ya kwanza, punguza joto la ukuta wa nje. Inasikika rahisi mpaka upige hesabu. Mng'ao hushuka kwa nguvu ya nne: ukigawa joto kwa tano, ukihesabu kutoka sifuri halisi (digrii -273, ambapo baridi haina pa kushuka tena), mng'ao wa kila mita ya mraba unagawanyika kwa 625. Kwa hiyo megawati ileile, ikitupwa kwa digrii -213, inahitaji ukuta wa kilomita ya mraba moja na theluthi hivi, sawa na viwanja 190 vya mpira. Umeizima taa, lakini umejenga tanga kubwa kuliko mji, nalo linapita mbele ya nyota na kuziziba moja baada ya nyingine. Na huko kushusha joto mpaka hapo nako ni kazi ya kompresa, na kompresa inaongeza joto lake mwenyewe. Muulize yeyote aliyewahi kuendesha chumba baridi cha samaki.

Tiba ya pili, chagua upande. Usijaribu kufichika kwa wote, fichika kwa mmoja. Darubini ya James Webb, iliyorushwa 25 Desemba 2021, hufanya hivyo hasa: ina ngao ya matabaka matano inayolikinga jua, na upande wa kivulini vyombo vimekaa chini ya digrii -220. (Sisi Malindi tuna hisa ndogo katika habari hiyo. Kituo cha Waitaliano hapa Ngomeni ndicho kilichoshika mawimbi yake ilipojitenga na roketi.) Adui anaweza kuwa na ngao kama hiyo kuelekea Dunia na kumwaga joto lake upande wa pili. Kasoro: ngao inayotazama Dunia mara nyingi inatazama jua pia, nayo itapata moto. Na binadamu hatazami tena kutoka Dunia peke yake. Vyombo vyake vinazunguka Mirihi, na kimoja kinazunguka Mshtarii tangu 2016. Ukitumia tiba hii, chora ramani ya nani yuko wapi siku ile. Usikisie.

Tiba ya tatu, meza joto. Hii ndiyo naipenda, kwa sababu wavuvi wetu wanaitumia kila siku: barafu kwenye sanduku. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunakula kilojuli 334. Kwa megawati moja, barafu inayeyuka kilo tatu kwa sekunde, yaani tani 259 kwa siku. Meli ya adui haiwezi kubeba hiyo kwa mwezi mzima, lakini kwa saa mbili za kumnyemelea steringi inatosha kabisa, na hapo una saa inayogonga ndani ya hadithi: barafu inaisha. Au mweke adui ndani ya kimondo cha barafu chenyewe. Kimondo chenye upana wa kilomita moja, kikiwa na uzito nusu ya maji, kina tani milioni 260 hivi. Kwa hesabu ya karatasi kinaweza kuimeza megawati yake kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Kwa hesabu ya fundi ni pungufu sana, kwa sababu barafu iliyo karibu na ukuta itayeyuka kwanza na nyingine itabaki ganzi, na lazima uwe na pampu za kulisambaza joto. Hata hivyo ni kitu unachoweza kukitetea.

Tiba ya nne, zika. Mwezini kuna mashimo yanayoingia ardhini kama visima. Shimo moja katika Bahari ya Utulivu lina kina cha mita mia hivi, na vipimo vya joto vimeonyesha kivulini mwake kuna digrii kama 17 muda wote, wakati uso wa nje unaunguza mchana na kuganda usiku. Mwaka 2024 watafiti wa rada walionyesha kwamba chini yake kuna pango. Mwamba unapokea joto polepole na kulisambaza polepole. Ngome ndogo yenye watu wachache inaweza kukaa humo miaka kabla doa la joto halijajitokeza juu.

SIMAMA hapa: ukijikuta unaandika "mtambo maalumu unaolifuta joto," weka kalamu chini. Joto halifutwi. Mtafute mwalimu wa fizikia wa sekondari, mnunulie kahawa na kashata, mweleze unachotaka. Kazi hiyo ina gesi yenye shinikizo. Usiifungue peke yako.

Dalili: "Mizigo ilipandaje?"

Mtoto wa Ngomeni hahitaji kuelezwa kwamba roketi haifichiki. Pale baharini jukwaa la San Marco limesimama kwa miguu ya chuma, na kati ya 1967 na 1988 zilirushwa kutoka hapo setilaiti tisa. Moja wao ilipaa 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru, nayo ikawa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka mbinguni. Hakuna aliyejaribu kuificha. Lakini hebu fikiri kama wangetaka. Moto ule, mshindo ule, na wavuvi wakiwa kazini.

Sababu ya kwanza ya dalili hii: mwandishi ameanza hadithi ngome ikiwa tayari imejengwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nani alivipandisha, kwa safari ngapi? Ya pili: ameweka uwanja wa roketi jangwani au kisiwani, akadhani umbali na watu unatosha. Tangu 1970 Marekani ina setilaiti zinazotazama chini zikisubiri tu joto la kombora linaloruka. Ya tatu: amesahau kwamba kilichopaa kinasimulia kilikotoka.

Hii ya tatu ina kisa kinachonifurahisha kila nikikisoma. Mwaka 1966, mwalimu wa fizikia wa Uingereza aitwaye Geoffrey Perry, na wanafunzi wake wa shule ya Kettering, walikuwa wakisikiliza setilaiti za Kisovieti kwa redio ya kawaida. Kosmos 112, iliyorushwa 17 Machi mwaka huo, haikupita njia ya zile zilizotangulia. Ikaja nyingine. Wakazichora njia zake wakirudi nyuma, na zikakatiza mahali pamoja kaskazini mwa Urusi ambapo hapakuwa na uwanja wowote uliotangazwa. Vijana wa shule walikuwa wameipata Plesetsk. Serikali ya Kisovieti ilikuja kukiri kwamba uwanja huo upo mwaka 1983.

Kwa hiyo ukaguzi: andika ngome ina uzito wa tani ngapi, gawa kwa mzigo wa roketi moja. Ukipata safari mia nne, hadithi yako ina roketi mia nne ambazo mtu kazisikia.

Tiba ni ileile ya jahazi la magendo. Jahazi la magendo lenye akili haliingii usiku bila taa. Linaingia mchana, limejaza boriti kutoka Lamu mpaka juu, lina karatasi zote, nahodha anamsalimia askari kwa jina. Sukari iko chini ya boriti. Mwache adui arushe mchana kweupe, kwa jina la kampuni yenye leseni, mzigo umeandikwa "vipuri vya pampu." Unachoficha ni maana ya mzigo. Ila angalia uzani: chombo kilichoandikwa tani tatu kikiongeza kasi kivivu kama cha tani tano, yeyote anayekifuatilia kwa darubini atajua. Ama uandike uzani wa kweli na udanganye yaliyomo, ama umpe steringi wako hesabu hiyo kama zawadi.

Na vilivyopanda huacha mabaki. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, ikitoka angani, na watu wa Shirika la Anga la Kenya wakaenda kuichukua. Ningekuwa naandika mimi, hadithi ingeanzia shambani pale.

Dalili: adui anazungumza na makachero wake papo kwa papo

Nitapita haraka. Sababu ya kwanza ni mwandishi kusahau kwamba redio ni taa. Voyager 1, chombo cha Marekani kilichorushwa 1977, iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa na redio yake ina wati 22 hivi, nguvu ya balbu ya ndani ya friji, na bado tunaisikia kwa masufuria makubwa ya antena. Sababu ya pili ni mwendo wa mwanga. Sekunde moja na ushei mpaka Mwezini, dakika 3 hadi 22 mpaka Mirihi kutegemea sayari zote mbili zimekaa wapi. Adui aliyeko Mirihi hawezi kumkatiza mtu maneno.

Tiba: mwale mwembamba wa leza, au tarishi, au ajifiche ndani ya mawasiliano ya kampuni ile ya vipuri. Na usiamini kwamba kilichonyamaza kimesahauliwa. Januari 2018 mpenzi mmoja wa redio huko Kanada alikuwa akitafuta setilaiti ya siri, akaangukia mawimbi ya nyingine kabisa: IMAGE, chombo ambacho wenyewe walikuwa hawajakisikia tangu Desemba 2005.

Dalili: "Iko upande wa giza wa Mwezi, basi imefichika"

Sababu ni moja tu: jina. Upande ule si wa giza. Unapata jua wiki mbili na usiku wiki mbili kama huu wetu, ni vile tu hautugeukii. Luna 3, chombo cha Wasovieti, iliupiga picha Oktoba 1959. Chombo cha Marekani kimekuwa kikiuzunguka Mwezi na kuupiga picha za karibu tangu 2009, na Wachina walitua huko 3 Januari 2019. Hawa wa mwisho walilazimika kwanza kutanguliza setilaiti ya kupokezana mawimbi, kwa sababu mwili wa Mwezi unaziba redio ya Dunia. Hiyo ndiyo faida pekee ya mahali pale kwa adui, nayo inamkata yeye vilevile.

Dalili: watu mia mbili, miaka kumi, hakuna aliyesema

Nilisema ile ya joto inaongoza. Hii ni ya pili kwa wingi na ya kwanza kwa kuniudhi, kwa sababu haihitaji fizikia. Inahitaji kukaa barazani jioni moja.

Sababu ya kawaida: wafanyakazi wa adui hawana mama. Hawana deni, hawaugui jino, hawampendi mtu. Mhandisi mia mbili wametoweka na hakuna anayewaulizia. Mwaka 2016 mtafiti David Grimes alichapisha hesabu ya muda ambao njama zinaweza kudumu kulingana na idadi ya wanaozijua. Kwa watu 411,000, ambao wangehitajika kama safari za Mwezini zingekuwa za uongo, alipata miaka isiyofika minne. Mia mbili ni wachache, watakaa zaidi. Lakini mradi wa bomu la atomiki la Marekani ulikuwa na uzio, askari na viapo, na bado Klaus Fuchs, mwanafizikia wa mradi huohuo, alikuwa akipeleka habari kwa Wasovieti.

Sababu ya pili ni ya hila zaidi, na waandishi wachache wanaiona: ukimya wenyewe unavuja. Mwaka 1942 mwanafizikia wa Kisovieti Georgy Flyorov alifungua majarida ya Kimarekani akakuta wataalamu waliokuwa wakiandika juu ya mpasuko wa atomu hawaandiki tena. Hakupata siri yoyote ndani ya kurasa zile. Alipata pengo, akamwandikia Stalin. Adui akiwachukua mabingwa wote wa injini za roketi, mtu fulani atasoma magazeti ya taaluma na kujiuliza wamekwenda wapi.

Ya tatu, vitu vidogo. Januari 2018 watu waligundua kwamba ramani iliyotolewa na programu ya kukimbia iitwayo Strava ilionyesha kambi za kijeshi jangwani, zimejichora zenyewe kwa miguu ya askari waliokuwa wakifanya mazoezi asubuhi wamevaa saa za mkononi.

Kuna nyumba ya ufukweni niliwahi kuitwa. Mwenyewe akanipokea getini, akaniambia anaishi peke yake na hapendi maswali. Sawa, mzee. Jikoni kulikuwa na friza tatu, mbili zimejaa mikate. Nje AC nne zilikuwa zinachuruza maji, ndoo chini ya kila moja imefurika. Sikumwona mtu mwingine hata mmoja, wala sikusikia sauti. Lakini mtu mmoja halali vyumba vinne. Nilijaza gesi, nikachukua pesa zangu, nikaondoka. Siri ya mtungi aijuaye kata, na waandishi wote wanasahau kwamba adui ana fundi. Ana mtu wa kuzibua vyoo. Ana anayehesabu magunia ya mchele.

Ukaguzi rahisi: mtu anahitaji oksijeni ya kilo 0.84 kwa siku. Zidisha kwa idadi yako, kisha niambie nani anaandika hesabu hiyo na anaitunza wapi.

Tiba nyepesi: punguza watu. Watu wanne wanaweza kuwa ndugu, na ndugu wana sababu za kunyamaza. Tiba nzito: usiwaambie. Waajiri kwa mshahara halali, kila mmoja na kazi yake, wachimbaji wachimbe, wapishi wapike, na anayejua shughuli halisi awe adui na wawili wengine. Hapo hakuna wa kuvujisha, kwa sababu hakuna anayeona kitu cha ajabu. Ni kazi tu.

SIMAMA: kama hadithi yako inataka watu wakae miaka kumi ndani ya chuma bila kurudi nyumbani, usikisie hali yao. Tafuta baharia aliyekaa melini miezi tisa. Hapa kwetu hawakosi. Msikilize kabla hujaandika mtu wa kwanza anayemvunja mwenzake pua kwa sababu ya kijiko.

Dalili: ngome imefichwa vizuri, lakini steringi anaipata ndani ya kurasa mbili

Hii hutokea kwa aliyefuata maelekezo yote hapo juu kwa bidii. Amefunga kila tundu, na sasa hana njia ya kumwingiza steringi isipokuwa ndoto, bahati, au adui kujisemea kwa sauti. Sababu: ameziba hata tundu alilolihitaji.

Tiba ni kurudi kwenye orodha, uchague uvujaji mmoja na uuache wazi makusudi. Mmoja tu. Joto lililozidi kidogo, uzani usiolingana, mkate mwingi mno. Kisha umweke mtu wa kawaida mahali ambapo kitu hicho hutupwa, mwenye sababu yake ya kuwa pale.

Kijana wa Muyeye ameielewa. Ngome yake ya kwanza ilikuwa mpira mweusi unaoelea nyuma ya Mirihi, watu mia tatu. Wiki iliyopita alikuja na rasimu mpya: kiwanda cha maji kwenye ncha ya kusini ya Mwezi, katika mashimo ambayo jua haliyafikii kamwe na ambamo vyombo vilithibitisha kuna barafu mwaka 2009. Kina leseni, kina nembo, kinauza maji kwa meli zinazopita. Joto lake linaonekana na kila mtu, na kila mtu anajua ni la kuyeyushia barafu. Vyombo vinaingia na kutoka mchana. Adui ana chumba kimoja nyuma ya tangi la tatu. Na anayemgundua ni karani wa mita, mama wa watoto wawili, anayeona kiwanda kinatoa joto la kuyeyusha tani sitini kwa siku na kuuza arobaini.

"Ami, hii imekaa?" akaniuliza.

Nikamwambia imekaa, nikampigia hesabu ya tani ishirini zilizopotea, inatoka kama kilowati 77, umeme wa chumba chenye siri ya kutosha. Kasoro iliyobaki iko ukurasa wa 31, ambapo adui amekasirika na anafungua dirisha apate hewa. Hiyo tutaitoa Alhamisi.